Anayejua "aliye" hashindwi na "who"

LUGHA NA JAMII
Na Mwanaidi Athmani

Mnara wa Askari ulioko Mwembe Tayari mjini Mombasa, kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, umesimama tangu mwaka 1927. Umeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nao ni kumbukumbu ya Waafrika walioingizwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini mpita njia akitafuta jina la askari au mpagazi hata mmoja, halipati. Maandishi ya Kiingereza yanawatambulisha wanajeshi kwa neno "who", kwamba hao ndio waliopigana, na wapagazi nao kwa "who", kwamba hao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa watu hao, kirejeshi, yaani neno kama "who", ndicho kilichoachwa mahali pa jina. Neno linalobeba mzigo kama huo haliwezi kuitwa dogo, na namna tunavyowafunza watoto wetu kulitumia si jambo la kupuuzwa.

Mara nyingi virejeshi vya Kiingereza vinafunzwa kwa orodha ubaoni: "who" ni ya watu, "which" ni ya vitu, "whose" ni ya umiliki, "where" ni ya mahali. Mwanafunzi huikariri, hujaza mapengo ya zoezi na kupata alama, kisha akiandika insha yake mwenyewe makosa yanarudi yale yale. Naamini somo hili linaanzia pasipofaa. Mtoto wa Mombasa haji darasani mikono mitupu. Kabla hajashika kalamu ameshasikia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nyumbani huenda ameisikia methali hiyo kwa lahaja ya Kimvita, "asofunzwa". Anasema kikombe kilichovunjika, mlango uliovunjika na mayai yaliyovunjika bila kuambiwa na mtu, kwa hiyo anajua tayari kwamba kirejeshi hufuata nomino inayotajwa. Somo la virejeshi vya Kiingereza lianzie hapo, kwenye Kiswahili chake.

Ushahidi umo ndani ya makosa yenyewe. Mwanafunzi anaandika "the book which I bought it", nasi tunasema hajui Kiingereza. Tuitazame sentensi ya Kiswahili iliyo nyuma yake: kitabu nilichokinunua. Kitabu kimerejelewa mara mbili ndani ya kitenzi kimoja, mara ya kwanza kwa "cho" na mara ya pili kwa "ki", na huo ni ufasaha. Kiarabu anachokisoma madrasa nacho kinakiruhusu kiwakilishi hicho kirudi baada ya kirejeshi. Lugha mbili anazoziheshimu zinamwambia ni sawa, na Kiingereza peke yake ndicho kinachokataa, kwa kuwa "which" ikishakishika kitabu, "it" haina kazi tena. Hali ni hiyo hiyo kwa "the woman who her child is sick", ambayo ni mwanamke ambaye mtoto wake ni mgonjwa, iliyohamishwa neno kwa neno. Kiingereza kinayaunganisha maneno "ambaye" na "wake" yakawa neno moja, "whose". Na anayeandika "the house which I live" ameifuata nyumba ninayokaa, isiyodai neno la ziada, ilhali Kiingereza kinataka "in" au "where". Makosa haya yana mpango, na kosa lenye mpango hutibiwa kwa kuonyeshwa lilikotoka. Wino mwekundu pekee hauonyeshi hilo.

Kulinganisha kunaonyesha pia yale ambayo Kiingereza kinayo na sisi tunayafanya kwa njia nyingine. Kampuni ya mabasi ikiandika kwa Kiingereza "Passengers who have paid will board first", inawatenga waliolipa na wasiolipa. Ikiandika "The passengers, who have paid, will board first", imesema abiria wote wamelipa. Mikato miwili imebadilisha haki ya mtu aliyesimama na mzigo wake kituoni. Kiswahili kingeutoa ujumbe wa kwanza kwa "abiria waliolipa watapanda kwanza", na wa pili kwa "abiria wote wamelipa, nao watapanda kwanza". Mwanafunzi akiziweka sentensi hizi nne pamoja ataelewa kazi ya mkato kuliko akikariri kanuni yake. Mikataba ya kazi, hati za kukodi nyumba na masharti ya mikopo huandikwa kwa Kiingereza mara nyingi, na anayetia sahihi bila kujua kishazi kinamhusu nani anaweza kujifunga.

Wako wanaosema Kiingereza kifunzwe kwa Kiingereza, kwani kuchanganya lugha humvuruga mtoto. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Kiswahili kingeweza kuachwa nje ya mlango wa darasa. Makosa niliyoyataja yanathibitisha kwamba kimeshaingia, na kwamba mtoto anafasiri kimyakimya bila mwongozo. Afadhali ulinganisho ufanywe wazi, mbele ya mwalimu, kwa dakika chache, kisha mazoezi yaendelee kwa Kiingereza. Wengine watauliza kuhusu watoto ambao lugha yao ya nyumbani ni Kigiriama, Kidigo au Kikamba. Hizo nazo ni lugha za Kibantu zenye ngeli zake, na Kiswahili ni lugha inayowakutanisha watoto hao mjini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lugha yenye hadhi hiyo haistahili kufichwa mwalimu wa Kiingereza anapoingia.

Faida haitaishia kwenye Kiingereza. Kiswahili chetu cha magazeti na redio kinaelemewa na "ambaye" na "ambayo" kila mahali, hata pale ambapo "aliyekuja" ingetosha kuliko "mtu ambaye alikuja", na wengine husema "watu ambayo" bila kuona kasoro. Kirejeshi cha amba- kina kazi yake halali, hasa penye "-me-" na "hu-", lakini hakifai kugeuzwa kivuli cha "who". Mwalimu anayeziweka lugha mbili pamoja atazirekebisha zote mbili. Wala hahitaji kitabu kipya ili aanze. Awapeleke wanafunzi wake kwenye ule mnara, wasome maandishi ya Kiingereza, wasome ya Kiswahili, wapige mstari chini ya kila kirejeshi, kisha waulizane ni nani hasa wanaotajwa. Watajifunza sarufi, na watawafikiria wale ambao jiwe halikuwapa majina.