Mtandao Upanuliwe Bila Kuzimwa

Mnamo Mei 12, 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na huduma za intaneti zikazorota nchini Kenya na katika nchi jirani. Hiyo ilikuwa ajali, na ajali haina kinga. Linalonitatiza ni kukatizwa kwa makusudi: wateja wanapoarifiwa kuwa mawasiliano yatazimwa usiku kucha ili njia ipanuliwe. Je, ni lazima?

Wahandisi wamekwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 2011, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, lilipitisha kanuni ya G.7044. Kanuni hiyo yaeleza jinsi ya kubadili ukubwa wa njia katika mtandao wa faiba huku data ikiendelea kupita. Njia hugawanywa katika nafasi, kila moja ikichukua takriban gigabiti 1.25 kwa sekunde. Mteja akihitaji zaidi, vituo vyote, toka mwanzo hadi mwisho, huongeza nafasi kwanza. Vikishakubaliana, ndipo kasi ya data hupandishwa hatua kwa hatua. Wakati wa kupunguza, utaratibu hugeuzwa: mzigo hupunguzwa kwanza, kisha nafasi zikaondolewa.

Sisi wanaisimu hatushangai. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930, hakuna soko lililofungwa wala mzungumzaji aliyenyamazishwa. Lugha hurekebishwa ikiwa midomoni mwa watu.

Hata hivyo, kuna sharti moja. Kila kituo njiani lazima kiielewe kanuni hii. Kimoja kisipoielewa, hapana budi njia ivunjwe na kuundwa upya. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Taasisi inayonunua mitambo kwa kutazama bei pekee huokoa fedha leo, na kesho mwanafunzi anayetuma maombi ya kujiunga na chuo kikuu siku ya mwisho ndiye anayelipa.

Nakiri kwamba zipo kazi zisizoepuka kuzima, kama vile kubadilisha kifaa chenyewe mahali pasipo na njia ya pili. Lakini kupanua njia si mojawapo. Yafaa vyuo na idara za serikali ziandike sharti hilo katika mikataba yao. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mhandisi mwema hautandui mbachao kabla msala haujatandikwa.