Kushusha Gari Siyo Kufulia

Huku Mlimani bumu limeshakata, wengi tumerudi kwenye chapati na maharage, na madesa yananitazama hapo mezani kama watu wa marejesho. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu nilipotoka nyumbani Kivinje, na nisipolisema nitapasuka. Ni hili neno "kafulia".

Mjomba wangu ni mtumishi wa serikali kule kusini. Novemba 2023 aliipeleka Harrier yake kwa muuza magari mmoja wa Dar, akaondoka na Suzuki Escudo ya mwaka 1999 pamoja na pesa juu. Harrier ile ilikuwa ya umbo jipya, nyeusi, namba D. Escudo ni namba B, ya kijani, na mlango mmoja wa nyuma unafungukia ndani tu. Basi kuanzia siku hiyo, Kivinje mpaka Masoko wimbo mmoja: mzee kafulia. Wengine wakasema ana mke wa pili Lindi mjini. Wengine eti mikeka ya mpira. Na si watu wa vijiweni peke yao, hata washkaji zangu hapa hosteli, watu wanaosoma uchumi na uhasibu kabisa, walicheka nilipowasimulia.

Mi nasema yule mzee kafanya jambo la akili kuliko watu wote ninaowajua wenye gari. Na kwa kuwa kaniruhusu nitoe hesabu zake (jina tu nisitaje), ngoja niziweke hapa tuone nani anacheka mwisho.

Harrier aliinunua Mei 2021 kwa milioni 52. Milioni 17 zilikuwa zake, hela za ufuta wa misimu miwili pamoja na kiwanja alichouza. Milioni 35 alikopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba ya kushuka, miaka mitano. Rejesho 851,000 kila mwezi, linakatwa juu kwa juu kabla mshahara haujamfikia. Zidisha kwa miezi 60: zaidi ya milioni 51 kwa mkopo wa milioni 35.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wanapopigwa bila kujua. Baada ya miezi 30, yaani nusu ya safari, mjomba alikuwa ameshalipa milioni 25 na nusu. Deni lilikuwa limebaki shilingi ngapi? Wengi niliowauliza wanasema nusu, milioni 17 na nusu. Hapana. Lilibaki karibu milioni 20 na laki 9. Mwanzoni rejesho lako sehemu kubwa inakula riba, deni lenyewe linaguswa kidogo tu. Si wizi, ndivyo mikopo inavyohesabiwa, na mtu wa uhasibu aliyecheka hosteli anaijua kanuni hiyo kwa moyo.

Muuza magari akaikadiria Harrier milioni 33 (hawa jamaa hawakupi bei ya sokoni hata siku moja), Escudo akaiweka milioni 10, akatoa milioni 23 taslimu. Mjomba akaenda benki akafuta deni lote, akabakiwa na milioni mbili na kitu, akanunua matairi, akahamisha kadi TRA. Mwezi uliofuata mshahara ukaingia mzima. Anasema aliangalia ujumbe wa benki mara mbili akidhani wamekosea.

Lakini alipoteza! Ndiyo, alipoteza. Gari lilishuka milioni 19, riba ilikuwa imeshakula kama milioni 11 na nusu. Jumla milioni 30 kwa miezi 30. Milioni moja kila mwezi, kabla hajatia hata lita moja ya petroli, kabla ya bima kubwa iliyokuwa inamla karibu milioni mbili kwa mwaka. Wanaosema kafulia wanadhani hasara ilitokea siku aliyoiacha Harrier Dar. Hasara ilianza siku aliyoiwasha, siku ile ambayo hao hao walimpigia makofi. Siku aliyoiacha ndo ilisimama.

Kilichomsukuma ni binamu yangu. Mwaka ule wa 2023 alichaguliwa chuo, bodi ikampa mkopo wa sehemu tu, na hela ya kukamilisha usajili haikuwepo. Fikiria picha hiyo: nje kuna gari la milioni 52, ndani kuna mtoto anaulizia ada. Mjomba hakuwa maskini, alikuwa na mshahara mzuri tu. Ila kanuni ya utumishi inasema makato yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara, na yeye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa theluthi hiyo kwa miaka miwili na nusu, hawezi kukopa tena hata laki tano. Mkaza mjomba ndiye aliyekuwa anaendesha nyumba kwa biashara yake ya samaki wa kukaanga. Gari lilikuwa na jina la mjomba, mshahara ndo ulikuwa na jina la benki.

Na matumizi ya gari lenyewe? Hapa ndo nilicheka mimi. Mjomba ana shamba la ufuta upande wa Njinjo, ile njia ya kutoka Nangurukuru kwenda Liwale. Anayeijua njia ile wakati wa masika anajua ninachosema. Harrier haikuwahi kufika shambani, hata mara moja! Aliogopea bampa, aliogopea rimu. Ilikuwa inabaki nyumbani imefunikwa turubai, yeye anakodi bodaboda kwenda shamba. Sasa Escudo inakwenda na kurudi, nyuma kuna magunia ya ufuta, juu kuna ndizi, na mwana wa jirani kaning'inia.

Kuna la barabara kuu pia. Vijana wa siku hizi wanadhani lami ya Kilwa ilikuwepo tangu enzi. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo ni kivuko, na hata baada ya daraja kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilibaki tope kwa miaka mingi, mabasi yanalala njiani na abiria wake. Halafu Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja kutukumbusha, barabara ikakatika eneo la Somanga na kwingineko, mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa imetenganishwa na Dar kwa siku kadhaa. Pwani yetu siyo Masaki jamani. Mtu wa huku anayechagua gari kwa kuangalia taa za mbele anajichagulia mtihani.

Na spea. Harrier ilipoharibika kitu kidogo cha umeme, fundi wa Nangurukuru aliinua boneti, akaangalia, akaifunga taratibu kama anayefunika maiti. Ikabidi ipelekwe Dar. Escudo fundi yule yule anaifungua huku anapiga stori.

Sitaki mseme napamba. Gari la zamani nalo lina yake. Escudo ile inakunywa mafuta, na katika miezi ya kwanza ilikula rejeta, bushi na pampu ya maji. Huku kwetu upepo wa chumvi unatafuna bati kimyakimya, kwa hiyo ukinunua gari lililokaa pwani usiangalie rangi, ingia chini na tochi utazame chesisi. Na kuhusu usalama wa ajali sina hoja, gari jipya lina mifuko ya hewa na breki bora, la 1999 unamwomba Mungu. Wala usikimbilie kuagiza zee kutoka Japan ukidhani utaokoa, maana gari dogo lililozidi miaka 10 TRA wanaliongezea ushuru wa bidhaa asilimia 30. Mjomba alichukua ambalo lilishalipiwa kila kitu zamani. Bima yake ndogo ni laki moja na kidogo kwa mwaka.

Lakini nirudi kwa wanaocheka, maana hao ndo hasa walionifanya niandike.

Kwetu pwani kujionyesha hakukuanza na Harrier. Pale Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lina bwawa la kuogelea lenye pembe nane, na waliolichimba wanasema halikumalizika na halikukaliwa muda mrefu. Siku zote nikipita pale najiuliza lilijengwa kwa hela ya nani na nani aliambiwa asubiri. Baada ya uhuru tukapata neno Wabenzi, kisha mashangingi. Majina yanabadilika tu.

Kinachonikera ni namna tunavyomtoza mtu kodi ya gari lake. Mjomba alipokuwa na Harrier, kadi za harusi zilikuwa zinamjia za watu wawili na kiwango chake kimeandikwa kabisa na kamati. Msiba ukitokea, anaangaliwa yeye. Kijana akikosa nauli ya Dar, kwa mjomba. Alipokuja na Escudo, kamati ikamshusha daraja bila kumuuliza! Mshahara ni ule ule, tena sasa anaupata wote, lakini wanamhurumia. Mtu aliyekuwa na deni la milioni 20 alichangishwa kama tajiri, na mtu asiye na deni hata la dukani anapewa pole. Nilimuuliza, "Mjomba, hukuona aibu?" Akanijibu, "Mjomba, aibu niliiona kwa mwanangu, hawa wengine ni watazamaji."

Kusini tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa haya, maana hela yetu inakuja kwa msimu na rejesho linakuja kwa tarehe. Msimu wa 2017/18 korosho ilifika karibu 4,000 kwa kilo, watu wakanunua pikipiki, magari, wakavunja nyumba za udongo. Mwaka uliofuata bei mnadani ikaanguka, serikali ikaingilia Novemba 2018 ikasema itanunua kwa 3,300, jeshi likaenda kubeba, na wakulima wengi wakasubiri malipo miezi na miezi. Aliyekuwa na mkopo alisubiri huku riba inatembea. Lindi nako wapo waliojipanga kwa ajili ya gesi ya Likong'o. Makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma Juni 2022, na kuna mtu namjua alishachukua Prado kwa matarajio hayo. Anaiendesha usiku ili wanaomdai wasimuone, teh teh.

Sasa sisi hapa. Juzi jioni pale kwenye nyasi tulikuwa tunataja ndinga ya kwanza ambayo kila mtu atanunua akipata kazi. Crown, Harrier, mmoja kataja BMW, mwanafunzi huyo anayeniomba vocha. Hakuna aliyetaja kwamba mshahara wa kwanza utafika ukiwa umeshaguswa. Tangu sheria ibadilishwe 2016 Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako, zamani ilikuwa 8. Ongeza kodi, mfuko wa hifadhi, bima ya afya. Halafu kwenye kilichobaki, ofisa mikopo anakusubiri mlangoni na tabasamu, kwa sababu mtumishi mpya ndo mteja mtamu kuliko wote, hakimbii na makato yanatoka yenyewe. Najua kuna watakaosema bila gari zuri hupati dili, mjini watu wanaangalia funguo mezani. Labda kwa dalali wa viwanja. Lakini nionyesheni mwalimu, nesi au mtu wa halmashauri aliyepandishwa cheo kwa sababu ya rimu.

Sisemi mtu asinunue gari zuri. Mwenye hela yake mkononi na ada za watoto zimeshalipwa, anunue hata Range Rover, ampitishe shangazi Kilwa Masoko madirisha wazi. Ninachokataa ni kumcheka aliyeshuka mwenyewe kabla hajashushwa, kwa sababu kicheko hicho ndo kinawafanya wengine wang'ang'anie usukani huku nyumbani wanalala na uji. Nawajua wawili, sitawataja.

Binamu alisajiliwa dakika za mwisho na sasa anaendelea vizuri, ananizidi hata GPA, jambo ambalo mama hachoki kunikumbusha. Escudo nayo ipo, ila shokapu za nyuma zimeisha tena na mjomba kaniagiza nimtafutie. Nimezunguka Gerezani Jumamosi nzima, kila duka linanitajia bei kama nanunua gari lenyewe. Mwenye kujua sehemu wanauza za Escudo ya 1999 kwa bei ya kibinadamu anishtue, gari la Kilwa linaondoka Ijumaa asubuhi na nataka nizipakie.