Kamera Hufa Fundi Anapoondoka

Tarehe 30 Mei 2018 kampuni ya Canon ya Japani ilitangaza kwamba imekoma kuuza EOS-1V, kamera yake ya mwisho itumiayo filamu. Kamera hiyo ilianza kuuzwa mwaka 2000, na utengenezaji wake ulikuwa umesimama tangu mwaka 2010. Kwa miaka minane kampuni ilikuwa ikiuza akiba iliyobaki ghalani. Katika tangazo lilo hilo Canon iliahidi kuzihudumia kamera hizo hadi tarehe 31 Oktoba 2025, ila ilionya kwamba baada ya Oktoba 2020 huenda kamera ikarudishwa bila kutengenezwa, iwapo vipuri vitakuwa vimekwisha. Muda huo nao umekwisha pita.

Wengi walioisoma habari hiyo waliona kichwa chake tu, yaani kukoma kwa mauzo. Sisi twaona kwamba uzito wake umo katika mkia. Kamera iliyoachwa kuuzwa yaweza kufanya kazi miaka ishirini zaidi mikononi mwa mtu aitunzaye. Kamera isiyo na fundi wala kipuri inangoja tu siku ya kuharibika. Askari hahitaji kuelezwa hayo mara mbili, kwa maana anajua kwamba bunduki isiyo na fundi wa silaha mwishowe huwa mzigo wa chuma begani.

Jambo hili lawahusu wanajeshi na polisi kuliko watu wengine wengi. Kwao kamera si kitu cha starehe. Ni chombo cha upelelezi, cha vitambulisho na cha ushahidi mahakamani. Yafaa basi tutazame jinsi chombo hiki kilivyodhoofika, ili tupate funzo kwa vyombo tulivyo navyo leo.

Mambo yalivyoanza

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak ya Marekani aliunda kamera iliyopiga picha bila filamu. Picha yake ilikuwa hafifu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye ukanda wa kaseti. Kodak, ambayo faida yake ilitokana na filamu, haikuwa na haraka ya kukikuza kitoto hicho. Wengine wakakikuza. Mwezi Januari 2006 Nikon ilitangaza kuacha kuunda karibu kamera zake zote za filamu, na mwezi huo huo Konica Minolta ikatangaza kuondoka kabisa katika biashara ya kamera. Mwezi Januari 2012 Kodak yenyewe ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka 2020 ikafika zamu ya Nikon F6, kamera ya filamu ambayo kampuni hiyo ilikuwa imeibakiza kwa ajili ya mabingwa.

Hata hivyo, kamera za kawaida zilizaliwa kwa mamilioni, na fundi aweza kuing'oa springi ya moja iliyokufa akaitia katika nyingine. Hasara kubwa zaidi imezipata kamera za kazi maalumu, zilizoundwa chache kwa ajili ya wachache.

Tuchukue Nikonos. Asili yake ni kamera ya Calypso, iliyobuniwa na mhandisi Jean de Wouters kwa ajili ya mpiga mbizi mashuhuri wa Ufaransa, Jacques Cousteau. Nikon iliichukua na kuitoa kwa jina la Nikonos mwaka 1963. Iliweza kuzamishwa baharini bila kasha lolote, kwa kuwa kila kiungo chake kilizibwa kwa mpira mwembamba wa mviringo. Na nchi kavu ilistahimili mvua na matope ambayo yangeziua kamera nyingine. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2001. Lakini mpira huchakaa. Ule wa nje mwenye kamera aweza kuubadili mwenyewe. Ule wa ndani wataka kamera ifunguliwe na fundi mwenye vifaa vyake na ajuaye mpangilio wake. Mpira mmoja ukipuuzwa, maji ya chumvi huingia, na kazi imekwisha.

Mfano wa pili ni XPan, tunda la ushirikiano wa Hasselblad ya Uswidi na Fujifilm ya Japani, iliyotoka mwaka 1998. Katika filamu ile ile ya milimita 35 ilipiga picha yenye upana unaokaribia mara mbili ya picha ya kawaida. Ilikoma mwaka 2006, wakati sheria ya Umoja wa Ulaya ilipozuia madini ya risasi katika kuungia vifaa vya umeme. Kuzibuni upya saketi za kamera iliyouzwa kwa uchache hakukuwa na faida. Leo saketi ya XPan ikiungua, fundi hana pa kupata nyingine ila katika kamera iliyokufa.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kamera ya zamani mara nyingi huishi kuliko mpya. Nikon FM2, iliyotoka mwaka 1982, kilango chake cha kupitishia mwanga huendeshwa kwa springi na magurudumu ya meno, hata betri ikiisha hufanya kazi. Fundi stadi huisafisha, huitia mafuta na kurekebisha kasi yake. Bali saketi haichongwi kwa tupa. Kadiri chombo kinavyozidi kutegemea umeme wa ndani, ndivyo uhai wake unavyozidi kushikwa na kiwanda kilichokiunda.

Bunduki bila risasi

Kuna kamera nyingine ambazo hazikuharibika hata kidogo, na bado zilikufa. Polaroid ilikuwa kipenzi cha polisi wa nchi nyingi. Mpelelezi alipiga picha ya jeraha au ya mlango uliovunjwa, na baada ya muda mfupi alikuwa nayo mkononi, bila kuipeleka filamu kusafishwa. Kulikuwa na Polaroid ya lenzi nne iliyotoa picha nne za kitambulisho kwa mara moja, na nyingine maalumu ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Mwezi Februari 2008 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kutengeneza filamu zake. Kamera nzima, zisizo na kasoro, zikawa kama bunduki zisizo na risasi. Baadaye kundi la watu liliokoa mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na filamu za aina kadhaa zikatengenezwa tena. Lakini kwa wakati huo vituo vya polisi vilikuwa vimekwisha shika njia nyingine.

Majeshi nayo yalipita njia hiyo. Mwezi Agosti 1960 Marekani ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kurudisha filamu kutoka setilaiti ya upelelezi ya mpango wa Corona. Kasha la filamu lilishuka kwa mwavuli na kunaswa hewani na ndege. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1972. Ndege za U-2 ziliendelea kubeba filamu kwa miaka mingi baadaye. Kamera yao ya filamu ya picha pana ilistaafishwa mwaka 2022 tu. Wakubwa wa jeshi hilo hawakukosa fedha za kununua vyombo vya kidijitali. Walibaki na filamu kwa kuwa ilionyesha eneo kubwa kwa uwazi mkubwa, na kwa kuwa walikuwa bado na watu waliojua kuisafisha.

Funzo hili ni zito. Filamu ilidumu mahali palipokuwa na chumba cha giza, dawa, vipuri na mafundi. Palipokosekana kimoja kati ya hivyo, kamera iliwekwa rafuni.

Shahidi aliyebaki

Kamera ikifa, picha zake hazifi nayo. Picha za Corona zaidi ya 800,000, zilizotolewa hadharani kwa amri ya mwaka 1995, leo zinatumiwa na wanaakiolojia kutafuta miji ya kale iliyofunikwa na mashamba. Waliozipiga walikuwa wakitafuta makombora.

Hapa Uganda tunao mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda zilionekana negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980. Nyingi hazikuwahi kuchapwa. Bahasha zake zilikuwa zimeandikwa tarehe na tukio. Mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, na wananchi wakauona utawala wa Idi Amin kama wapiga picha wake walivyotakiwa kuuonyesha; maovu mengi ya wakati ule hayamo. Hata hivyo, kutokuwamo huko nako ni habari kwa ajuaye kusoma. Kama bahasha zisingeandikwa, zingekuwa rundo la plastiki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa polisi jambo hili lina uzito wa pekee. Negativu ilikuwapo mahali pa tukio. Mwanga uliotoka kwenye kitu chenyewe ndio ulioigusa. Kuibadili bila kuacha alama si kazi nyepesi, na hakimu aweza kuitaka iletwe mbele yake. Picha ya kidijitali hunakiliwa mara elfu bila tofauti, na kuibadili ni kazi ya dakika chache. Hatusemi kwamba haifai kuwa ushahidi. Inakubaliwa katika mahakama za nchi nyingi. Tunasema kwamba kazi iliyofanywa na filamu yenyewe sasa hapana budi ifanywe na askari: aandike nani alipiga picha, saa ngapi, kwa kamera ipi, na nani aliyeishika baada yake.

Zamu ya kidijitali

Asiwepo wa kudhani kwamba maradhi haya ni ya filamu peke yake. Mwaka 2010 makampuni ya Japani yalisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 121. Mwaka 2021 hazikuzidi milioni 9. Simu ya mkononi imezila, kama zenyewe zilivyoila filamu. Kamera nyingi za kidijitali zilizonunuliwa miaka kumi na mitano iliyopita hazina tena betri mpya ya asili, wala fundi, na kadi zake zahitaji kisomeo ambacho kompyuta mpya haina.

Dalili za kurudi nyuma zipo, nazo zatufunza zaidi. Mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ilitoa Pentax 17, kamera mpya kabisa ya filamu. Ili kuiunda, vijana wa kampuni walilazimika kukaa na wahandisi wakongwe na kujifunza kwao ufundi uliokuwa ukielekea kaburini. Wangechelewa miaka kumi zaidi, pengine wasingepata wa kumwuliza.

Kwa hiyo, ndugu askari, kikosi kinapopokea chombo chochote, iwe kamera, redio au darubini ya usiku, bei isiwe swali la kwanza. Na iulizwe: nani atakitengeneza, vipuri vitapatikana hadi mwaka gani, na siku kitakapokufa, kumbukumbu zake zitasomwa kwa chombo gani? Mwenye negativu za zamani katika makabati ya kituo asizitupe wala asiziache katika joto na unyevu. Aziandike, azitenganishe, na aombe zinakiliwe wakati vyombo vya kuzisomea vingali vipo. Na fundi mzee anayestaafu asiondoke kabla kijana hajakaa naye benchi moja.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vinavyozidi kuelea, jueni yupo mtu anayeziba matundu. Mtu huyo ndiye wa kutunzwa kwanza.