Kutoka Meza ya Karani: Mwaka Mmoja, Majimbo Mawili

Leo tuzungumze habari ya kodi. Lakini msiogope, sikuja kudai. Ni kodi ya Marekani, nayo imefika mezani pangu kwa mkono wa mama mmoja wa kigango chetu.

Mama huyo alikuja ofisini asubuhi, simu mkononi, uso umemshuka. "Mwalimu," akasema, "nisomee tena maneno ya kijana wangu. Asema huko anatozwa kodi mara mbili, na fedha ya mabati haitakuja."

Nikasoma. Kijana alikuwa akikaa Moline, mji wa jimbo la Illinois. Tarehe 1 Julai 2025 alihamia Davenport, ng'ambo ya mto Mississippi, katika jimbo la Iowa. Kazi hakuiacha, kila siku huvuka daraja akarudi Moline kwa mwajiri yuleyule. Mwajiri naye akaendelea kumkata kodi ya Illinois mpaka Desemba. Mwaka ulipokwisha, kijana akajaza hesabu zake, akaona anadaiwa pia na Iowa. Mwisho wa barua aliandika: "Mama, afadhali ninyamaze tu. Iowa hawatajua."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nivute kiti karibu.

Kwanza mnielewe: nisemapo jimbo leo sisemi jimbo la Askofu. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina sheria zake na kodi zake. Mfanyakazi hulipa kodi ya mapato kwa serikali kuu, tena majimbo mengi humtoza na ya kwao. Mengine, kama Texas, Florida na Tennessee, hayatozi kodi ya mshahara kabisa. Illinois hutoza dola 4.95 katika kila dola 100. Iowa hutoza 3.80 tangu mwaka 2025.

Basi mtu akihama katikati ya mwaka, majimbo hayo humhesabu kuwa mkazi wa sehemu ya mwaka. Huandika hesabu mbili, moja kwa kila jimbo, na kila jimbo huchukua kodi ya sehemu yake tu. Haifai kulipa jimbo moja kodi ya mwaka mzima na kulisahau la pili. Wala haifai kuyalipa yote mawili kwa mshahara uleule.

Nasikia mmoja wenu akiuliza: "Lakini kijana huyu kazi yake iko Illinois. Iowa inamdai nini?" Swali zuri. Majimbo haya mawili ni majirani, nayo yamepatana: mkazi wa Iowa afanyaye kazi Illinois hulipa kodi ya mshahara wake Iowa peke yake. Ndiyo kusema tangu Julai Illinois haikuwa na haki ya kodi ile. Ilikatwa kwa sababu kijana hakumpa mwajiri wake hati ya kumjulisha kwamba amehama.

Tukachukua karatasi, mama na mimi. Tuseme kijana hupata dola 3,000 kwa mwezi. Tuache kando misamaha na nyongeza ndogondogo ili hesabu iwe nyepesi. Miezi sita ya Iowa ni dola 18,000. Kodi ya Iowa hapo ni dola 684. Illinois walikwisha kukata dola 891 katika fedha ileile, nazo zote azidai zirudi. Akirudishiwa 891 na kulipa 684, zabaki dola 207 mfukoni mwake. Yule aliyedhani ameonewa, kumbe ana chake cha kudai! Lakini akinyamaza, deni la Iowa litazidi kwa faini na riba, na haki ya kurudishiwa fedha Illinois ina muda wake, itapita.

Mama akaniuliza, "Basi nimwambie nini?" Nikamwandikia hivi:

Mwajiri hutoa hati iitwayo W-2 kila Januari. Itazame chini: imeandikwa jina la jimbo, mshahara uliohesabiwa huko na kodi iliyokatwa. Usidhani ni sahihi kwa kuwa imepigwa chapa. Ilinganishe na hati zako za mshahara za kila mwezi. Tunza mkataba wa nyumba mpya, maana ndio shahidi wa siku uliyohama. Peleka hesabu ya Illinois mapema. Siku yake ya mwisho kwa kawaida ni 15 Aprili, na ya Iowa ni 30 Aprili. Mpe mwajiri hati ya ukazi wako mpya leo hii, usije ukalia tena mwakani.

Tena kuna msaada wa bure kwa watu wa kipato kidogo na wasiojua Kiingereza vizuri. Unaitwa VITA. Jina lisiwatishe, si vita ya bunduki. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Katika miji ile wako ndugu wengi wasemao Kiswahili waliotoka Kongo; huenda wakamwonyesha mlango.

Mama alikunja karatasi akaifunga penye ncha ya khanga. "Mabati yatachelewa," akasema, "lakini yaje kwa fedha isiyofichwa."

Ninyi mlio na watoto huko, waulizeni neno moja tu: "Mwanangu, ulihama siku gani, na umeiandika wapi?" Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Karani wenu