Mega zaidi hazirudishi pakiti zilizopotea

Haya jamani, leo nimekasirika kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Kila mtu akilalamika kwamba gemu yake ya mtandaoni inakwama kwama, jibu ni lile lile: "Ongeza mega." Kampuni ya intaneti itakwambia hivyo. Jirani atakwambia hivyo. Hata muuzaji wa rauta mjini, yule mwenye rauta ya taa nyekundu na antena nane kama kaa, atakwambia hivyo huku akikuandikia risiti.

Mimi naandika programu kwa riziki yangu, na nasema wazi: mara nyingi ushauri huu ni upotoshaji. Unawatoa vijana pesa ambazo hawana, na tatizo linabaki pale pale.

Tuanze na gemu yenyewe inahitaji nini. Gemu nyingi za kufyatuliana risasi hazifikishi hata mega moja kwa sekunde. Zinachohitaji ni vipande vidogo vya data, yaani pakiti, vifike mfululizo na kwa wakati. Seva ya Counter-Strike 2, kwa mfano, hupiga hesabu ya mchezo mara 64 kila sekunde. Pakiti 5 kati ya 100 zikipotea, umekosa habari karibu mara 3 kila sekunde. Adui anaruka kutoka ukutani hadi mlangoni kama jini, na risasi yako inapiga hewa.

Kwa nini basi video inacheza vizuri kwenye laini hiyo hiyo? Kwa sababu video na kurasa za wavuti kwa kawaida husafiri kwa itifaki zinazorudia kutuma kilichopotea, kama TCP. Ni kama mzigo uliotumwa kwa basi na risiti: usipofika, utatumwa tena. Gemu nyingi hutumia UDP, itifaki aliyoiandika Jon Postel mwaka 1980. UDP ni kama makanga anayetaja vituo: usiposikia, umepitwa. Na ni sawa iwe hivyo, maana habari ya mahali adui alipokuwa nusu sekunde iliyopita haina faida tena.

Sasa uone ujanja ulipo. Vipimo vingi vya kasi hupakua mafaili kwa TCP, kwa miunganisho kadhaa kwa pamoja. Pakiti zilizopotea zinatumwa tena kimya kimya, na mwishoni unaonyeshwa "mega 40" kwa herufi kubwa. Kampuni inakuambia, "Laini yako iko sawa kabisa." Kipimo hakikudanganya, ila kilijibu swali ambalo hukuuliza.

Pima mwenyewe. Ni hatua tatu tu, na ni bure.

Kwanza, pima kutoka tarakilishi yako hadi rauta yako. Kwenye Windows andika ping -n 100 192.168.1.1 (weka anwani ya rauta yako, kwenye Linux na Mac tumia -c badala ya -n). Pakiti zikipotea hapa, usimpigie mtu simu. Tatizo liko nyumbani, na mara nyingi ni waifai. Chomeka waya, upime tena. Kwenye masafa ya 2.4 GHz ni chaneli 1, 6 na 11 tu zinazoweza kukaa pamoja bila kuingiliana. Sasa fikiria ploti yenye nyumba ishirini, na kila nyumba ina rauta yake! Waya wa mita kumi utakusaidia kuliko zile antena nane.

Pili, ukiwa kwenye waya, endesha mtr (WinMTR kwa wa Windows) kuelekea seva ya gemu. Utaona kila kituo njiani na asilimia ya pakiti zilizopotea. Isome kuanzia chini. Kituo cha katikati kikionyesha upotevu lakini kituo cha mwisho kiko safi, hicho hakijapoteza chochote chako. Kimekataa tu kujibu maswali yako kwa sababu kina kazi nyingine. Lakini upotevu ukianza kwenye kituo cha pili na kuendelea hadi mwisho, umeshika mwizi. Seva ikiwa haijibu kabisa, chagua seva nyingine inayojibu katika mji ule ule.

Tatu, rudia kipimo wakati mtu mwingine nyumbani anapakia video. Kama pingi inaruka kutoka milisekunde 30 hadi 400 wakati huo tu, foleni ndani ya rauta imefura. Jim Gettys aliupigia kelele ugonjwa huu kuanzia 2010, na dawa ipo: FQ-CoDel, iliyoandikwa katika RFC 8290 mwaka 2018. Kwenye rauta ya OpenWrt utaikuta chini ya jina SQM. Weka kikomo kiwe kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi ya laini yako. Umesoma vizuri: unapunguza mega, na gemu inapona!

Sasa nije kwa wenye kampuni. Kuna moja ambayo sitaitaja. Nikiwa kwenye waya, rauta yangu haikupoteza hata pakiti moja kati ya 100. Saa tatu usiku zilipotea 8 kwenye kituo cha pili, na upotevu ukaendelea hivyo hadi mwisho. Saa mbili asubuhi, sifuri. Nikawapelekea vipimo vyote. Jibu? "Zima rauta kisha uwashe." Nikazima, nikawasha. Jibu la pili? "Tuna kifurushi cha juu zaidi."

Kifurushi cha juu kitapita kituo kile kile cha pili! Ni kama kununua gari lenye kasi zaidi ili upite msongamano wa Thika Road saa kumi na mbili jioni.

Watajitetea kwamba nyaya za baharini hukatika. Kweli kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika, na Afrika Mashariki ikaumia. Watasema pia seva ziko mbali. Hilo nalo ni kweli: Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka, mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 29. Siwalaumu kwa sheria za fizikia. Lakini umbali huchelewesha pakiti, haizipotezi. Na waya uliokatika baharini haujiungi wenyewe kila asubuhi na kukatika tena saa tatu usiku. Upotevu unaofuata saa namna hiyo una maana moja: wateja wameuzwa wengi kuliko barabara iliyopo.

Usidhani haya ni mambo ya watoto wa gemu tu. Sauti ya simu ya mtandaoni hupita njia ile ile. Kijana anayehojiwa kazi na mwajiri wa ng'ambo akikatika katika, hatapewa nafasi ya kueleza kwamba ni kituo cha pili. Na yule anayelipia saa kwenye chumba cha gemu analipia dakika za kuganda.

Kwa hivyo nataka mambo matatu. Moja, kampuni zitangaze upotevu wa pakiti na ucheleweshaji wa kati ya saa moja na saa tano usiku, pale pale zinapoandika mega. Mbili, huduma kwa wateja ifundishwe kusoma mtr kabla ya kusema "zima uwashe". Tatu, Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo imekuwa ikipima simu zinazokatika za kampuni za simu, itangaze pia pakiti zinazopotea kwenye faiba za nyumbani, kampuni kwa kampuni.

Wakikwambia tena uongeze mega, weka shilingi zako mfukoni kwanza upime. Kisha uniandikie hapa chini: saa ngapi, kituo cha ngapi, asilimia ngapi. Tukiwa na vipimo mia moja vya saa tatu usiku, tuone watatuambia tuzime nini.