Tiketi mbili, valizi moja: ajansi ziwaambie wasafiri ukweli kabla ya kupokea pesa

Msafiri wa Goma anayekwenda Kinshasa anaanza safari yake kwa kuvuka Grande Barrière. Anapanda gari la Kigali, na kisha saa tatu au nne anafika kwenye uwanja wa ndege wa nchi jirani. Pale anaweka valizi kwenye mzani, anaona mfanyakazi wa kampuni ya ndege akibandika karatasi kwenye mpini, na roho yake inatulia. Anaamini kwamba atakutana na mzigo wake N'djili. Lakini kama alinunua tiketi mbili za kampuni mbili, mara nyingi valizi hiyo inaishia Nairobi, na yeye hajui.

Jambo hili zamani liliwahusu zaidi wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou. Leo linamhusu mwanafunzi, mgonjwa na mjane anayekwenda kwenye kilio. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 ilipoingia mjini. Ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, ulifuata mwezi wa Februari. Mwezi huohuo, Kinshasa ilifunga anga ya Kongo kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Safari iliyokuwa ya ndege moja ndani ya nchi imekuwa safari ya mipaka miwili au mitatu, kupitia Nairobi, Addis Ababa au Entebbe. Wakaaji wa Beni na Butembo wanaokwenda ng'ambo nao wengi hupitia Kasindi ili kufika Entebbe.

Katika hali hiyo, ajansi nyingi hutafuta bei ya chini kwa kuunganisha tiketi mbili zisizojuana. Si kosa kisheria, na kuna siku inamsaidia mteja. Kosa ni kumuuzia mtu tiketi mbili na kumwacha aamini kwamba amenunua moja.

Tofauti ni kubwa. Kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya kushika nafasi, kampuni ya kwanza inajua mwisho wa safari. Valizi inaandikwa mpaka Kinshasa, hata kama ndege ya pili ni ya kampuni nyingine. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni wajibu wa kampuni kumtafutia msafiri nafasi kwenye ndege nyingine. Kwenye tiketi mbili, kazi ya kampuni ya kwanza inaisha pale tiketi yake inapoishia. Msafiri anatakiwa kupita kwa maafisa wa uhamiaji, kuchukua valizi kwenye mkanda, kupita forodha, kisha kurudi kwenye gishe ya kampuni ya pili na kuanza upya. Gishe hizo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Akichelewa, kampuni ya pili inamhesabu kama mtu asiyefika, na mara nyingi tiketi yake ya kurudi inafutwa pia.

Wapo wanaojibu kwamba gishe ya kwanza inaweza kuandika mzigo mpaka mwisho. Ni kweli, inawezekana, kama kampuni hizo mbili zina mapatano ya kupokeana mizigo na mfanyakazi akikubali kuingiza tiketi ya pili kwenye kompyuta. Lakini halazimishwi. Kampuni za bei nafuu kwa kawaida hazina mapatano hayo kabisa. Hata zile kubwa zimejiondoa katika huduma hiyo: mwaka 2016, muungano wa oneworld uliacha kuwadai wanachama wake waandike mizigo mpaka mwisho wa safari kwa tiketi tofauti. Kwa hiyo neno la wakala, « watakusaidia kule kule », si ahadi. Ni bahati nasibu inayochezwa kwa pesa ya mteja.

Kilo nazo zina siri yake. Kampuni ya kwanza inaweza kuruhusu valizi mbili za kilo 23, na ya pili valizi moja tu. Aliyepita Kigali bila shida anaweza kudaiwa Nairobi pesa za ziada zinazomeza faida yote ya tiketi rahisi.

Kuna pia suala la visa. Kenya haimdai Mkongomani visa, na hiyo ni moja ya faida za ujirani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kongo iliingia mwaka 2022. Nje ya Jumuiya, masharti hubadilika. Kwa Ulaya hali ni ngumu zaidi: Kongo iko kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake, isipokuwa wachache wenye vibali maalum, wanahitaji visa hata kwa kungojea ndege nyingine ndani ya uwanja wa nchi za Schengen. Na visa hiyo ya transiti haimruhusu mtu kutoka ili kuchukua mzigo. Mwenye tiketi mbili kupitia Brussels au Paris anaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwenye valizi yake bila kuwa na ruhusa ya kuigusa.

Mzigo ukipotea, ndipo tofauti ya tiketi moja na mbili inapouma kabisa. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia safari za kimataifa, unampa msafiri haki. Valizi isiyoonekana kwa siku 21 inahesabiwa kuwa imepotea, na fidia inaweza kufika karibu dola 2.000. Valizi iliyoharibika inadaiwa kwa maandishi ndani ya siku saba. Lakini kwenye tiketi mbili, kampuni ya kwanza itajibu kwamba ilifikisha mzigo Nairobi kama tiketi ilivyosema, na ya pili itajibu kwamba haikuupokea. Zote mbili zinasema kweli, na mwenye valizi anabaki mikono mitupu.

Ajansi zina utetezi wao: mteja mwenyewe ndiye anayeomba bei ya chini. Ni sawa. Anayesafiri na begi dogo la mkononi, au anayelala Nairobi kwa ndugu usiku mmoja, anaweza kuchagua tiketi mbili na kufanya akili. Lakini mtu anachagua kile anachoelezwa. Mgonjwa aliyeweka dawa zake ndani ya valizi kwa sababu aliambiwa itafika moja kwa moja hakuchagua chochote.

Dawa ya tatizo hili si ghali. Kila ajansi ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira iandike mambo matatu kwenye risiti: safari ina tiketi ngapi; mzigo utachukuliwa wapi; na nani atalipa ndege ya kwanza ikichelewa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Kongo na wizara ya uchukuzi zinaweza kuiweka kuwa sharti kwa kila ajansi zinayoweza kuifikia, na kusikiliza malalamiko ya wasafiri. Vyama vya watumiaji navyo visingoje Kinshasa: orodha ya maswali hayo matatu inaweza kubandikwa kesho kwenye mlango wa kila ajansi.

Wakati huo, msafiri ajilinde. Kabla ya kulipa, aulize kama namba ya kushika nafasi ni moja kwa safari nzima. Kwenye gishe, asome herufi tatu kubwa zilizo kwenye karatasi ya mzigo kabla valizi haijaondoka: FIH ni Kinshasa, FBM ni Lubumbashi, FKI ni Kisangani, NBO ni Nairobi, ADD ni Addis Ababa, EBB ni Entebbe. Anayekwenda Kinshasa na kuona NBO ajue kwamba ataichukua valizi yake mwenyewe Nairobi, na ahesabu saa zake vizuri. Dawa, diploma na makaratasi ya hospitali yakae kwenye begi la mkononi.

Vita imewafungia wakaaji wa mashariki viwanja vyao vya ndege na kuwaongezea mipaka, gharama na uchovu. Ajansi haziwezi kufungua Goma wala Kavumu. Zinaweza kusema ukweli wote kabla ya kupokea dola ya mteja, na hilo halihitaji amri ya mtu yeyote.