Kompyuta Haishuhudii

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Hapa kwetu Magongo, ujirani wa viwanda vya Changamwe, daftari hilo sasa ni kompyuta.

Hesabu yake si uchawi. Joseph Orlicky wa Marekani aliieleza kitabuni mwaka 1975: bidhaa ngapi zatakiwa, kila moja yataka vifaa gani, bohari mna vingapi, kilichopungua kiagizwe mapema. Ni kuzidisha na kutoa tu, ila kwa kasi.

Lakini kijana wa jirani yangu, karani wa stoo, aliitwa mwizi kwa kuwa mashine ilisema magunia yapo, na pahali pake ni patupu. Kumbe yalitolewa usiku pasi na kuandikwa! Jina lake lilisafishwa. Machozi ya mamake nani atayafuta?

Sisi tuliosoma chuoni twaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara: deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Basi, wenye viwanda, kabla ya kumtuhumu mtu, yahesabuni magunia kwa mkono. Kompyuta huandika ilichoambiwa, haishuhudii.